Likizo ya uzazi Tanzania Bara: barua, tarehe na hesabu ya siku 84

Namba ya 84 wengi wanaijua. Wanakopunjwa ni kwenye tarehe. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha, na hizo ni siku za kalenda: Jumapili na sikukuu zimo. Dada wa kazi za nyumbani naye yumo, hata kama bosi wake anadhani sheria ni ya watu wa ofisini. Zanzibar wana sheria yao, ya 2005.

Anza na barua. Mwajiri anatakiwa kupewa taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kadi ya kliniki pekee isikutoshe. Omba hospitali waandike tarehe ya matarajio kwenye karatasi yenye jina, sahihi na muhuri. Toa nakala mbili. Moja iache kwa mwajiri, nyingine agonge muhuri wa kupokea na kuandika tarehe, kisha irudi nyumbani na wewe, isibaki kwenye droo ya ofisi. Kumwambia bosi kwa mdomo kunafaa siku akiwa na furaha tu.

Sasa hesabu, na hapa usiharakishe. Sheria inaruhusu kuanza likizo wiki 4 kabla ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuna haja. Inaruhusu, hailazimishi. Tuseme matarajio ni 20 Septemba. Ukianza 23 Agosti, siku ya 84 ni 14 Novemba na tarehe 15 uko kazini. Mtoto akichelewa wiki 2, akazaliwa 4 Oktoba, utarudi akiwa na wiki 6 kamili, ambao ndio muda wa chini kabisa: kabla ya hapo huruhusiwi kufanya kazi mpaka daktari aseme unaweza. Ukianza 20 Septemba yenyewe, siku zinaishia 12 Desemba. Kwa hiyo kama mwili unaruhusu na kazi si ya kusimama kutwa, siku za mwanzoni zitunze. Unaweza pia kuomba likizo yako ya mwaka, siku 28, iunganishwe mwishoni. Omba kwa barua hiyohiyo, kwa kuwa mwajiri ana sauti katika kupanga likizo ya mwaka. Asichoweza ni kukuhesabia likizo ya mwaka badala ya ile ya uzazi.

Kosa lingine liko kwenye ile "miaka mitatu", yaani kwamba likizo ya uzazi hulipwa mara moja katika kila mzunguko wa miaka mitatu. Mzunguko wa likizo ni miezi 36, lakini hauanzii siku uliyojifungua mara ya mwisho. Unaanzia siku uliyoajiriwa. Aliyeajiriwa 1 Machi 2022 mzunguko wake wa kwanza uliisha Februari 2025. Akijifungua Januari 2023 na tena Aprili 2025, zote mbili zinalipwa, japo hazijapishana miaka mitatu. Maofisa rasilimali watu wengi hulikosea hili, basi nenda na mkataba wako mkononi. Ukomo ni likizo nne za kulipwa kwa mwajiri mmoja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anapata siku 84 nyingine.

Baba ana siku 3, ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ni chache mno, lakini aziombe.

Ukirudi, una hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Andikianeni zitakaa wapi: saa moja asubuhi na moja jioni humfaa anayeishi karibu, ila anayetoka Mbagala kwenda Posta kwa daladala afadhali azichukue zote jioni. Zamu ya usiku, yaani saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, usipangiwe miezi 2 kabla ya matarajio wala miezi 2 baada ya kujifungua.

Mkataba wa muda ukiishia katikati ya likizo, mwajiri atasema hajakufukuza. Kama mkataba huo uliwahi kuhuishwa mara kadhaa, tunza mikataba yote ya nyuma. Kutarajia kuhuishwa kwa sababu za msingi kunatambuliwa na sheria.

Ukiachishwa kwa sababu ya ujauzito, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na siku 60 kwa madai mengine, kama mshahara wa likizo uliokatwa. Jaza Fomu Na. 1, mpelekee mwajiri nakala kwanza, kisha iwasilishe Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea. Wengi husubiri mtoto akue kidogo, siku 30 zikapita. Ikitokea hivyo, omba kuongezewa muda na ueleze kila siku ya kuchelewa, ukiambatisha karatasi za hospitali.