Setelaiti ndogo ya moduli: anza na konekta, kamera itakuja

Huku Mwanza mtu akipata wazo la setelaiti ya kupiga picha magugu maji ziwani, swali lake la kwanza ni kamera gani ninunue. Acha kamera kwanza.

Hatua ya 1, boksi. Fuata vipimo vya CubeSat (kiwango cha setelaiti ndogo zinazojengwa kwa maboksi), yuniti moja ni sentimita 10 kwa 10, urefu 11.35, uzito usizidi kilo 2. Taifa-1 ya majirani zetu Kenya, iliyoruka Aprili 2023, ni yuniti tatu.

Hatua ya 2, hapa ndo penyewe. Bodi ya umeme, kompyuta, redio na kamera zinapandana kwenye konekta ya pini 104, kwa hiyo kabla hujachora bodi yoyote andika pini ipi ni volti 3.3, ipi volti 5, ipi data, halafu usiguse tena. Wengi wanakimbilia I2C (njia ya bodi kupeana data) kwa sababu ni nyaya mbili tu, ila bodi moja ikiganda na kung'ang'ania laini ya data basi zote kimya, na kule juu nani ataenda kubonyeza riseti? Tumia CAN (njia nyingine ya data, inayostahimili bodi moja ikigoma), au mfuko ukigoma kila bodi iwe na swichi yake ya umeme ambayo kompyuta inaizima na kuiwasha. Ukifanya hivyo kamera ikizingua mezani unachomoa, unaweka nyingine, redio hata haina habari.

Hatua ya 3, umeme. Upande mmoja wa sola ukipigwa jua vizuri unatoa kama wati 2, na kila mzunguko wa dakika 90 na ushee, kama 35 ni giza. Redio isirushe muda wote.

Hatua ya 4, antena. Kata tepu ya chuma ya fundi seremala sentimita 17, hiyo ni robo ya wimbi kwa megahezi 437. Ikunje, ifunge kwa mshipi wa nailoni unaopita juu ya rizista (kwa majaribio hata huu wa wavuvi wa Kirumba unatosha), rizista ikipata moto mshipi unakatika na antena inafyatuka. Ifunguke dakika 30 baada ya setelaiti kuachiwa, redio ianze dakika ya 45. Jaribu na kwenye friza, maana betri ikipoa inalegea na rizista inachelewa kupata moto.

Kibali cha masafa ya redio kinatoka TCRA (mamlaka ya mawasiliano), anza mapema.

Hatua ya 5, kituo cha chini. Funga Yagi (antena ya kuelekeza, kama ile ya TV juu ya paa) sehemu ya juu kama Capripoint. Setelaiti inakimbia kama kilomita 7.5 kwa sekunde, kwa mbio hizo masafa unayopokea yanahama mpaka kilohezi 10 hivi juu au chini, programu isiporekebisha utasikia kelele tu. Na weka inveta, setelaiti ikipita unayo dakika kama 10 tu, TANESCO hawakusubiri.