Rangi ya bodi na rimu kwa gari la spoti hapa Mwanza

Wazee, kabla hujamlipa fundi rangi, peleka gari juani Capri Point mchana na ulicheki tena jioni, maana bluu ya dukani ikipigwa na jua la ziwani inakuwa kitu kingine kabisa. Nyeusi inavutia siku ya kuosha tu, ukishapita njia ya vumbi imeisha, na mikwaruzo yote inaonekana. Bluu na rimu za gold ni ile ya Subaru za rali, haipitwi na wakati. Nyekundu weka rimu nyeusi au kijivu iliyokolea, hii ya kijivu ndo naipenda mi maana inaficha vumbi la breki, nyeupe utasugua kila wiki. Ukibadilisha rangi ya bodi, kadi ya gari nayo ibadilishwe TRA.