Kukagua Baa na Maduka ya Pombe Nchini Kenya: Mwongozo kwa Afisa Mpya wa Kaunti

Mwongozo huu unamlenga afisa anayeanza kazi ya kukagua baa, mikahawa, maduka ya pombe na mabohari ya jumla katika kaunti za Kenya. Wengi wanaoingia katika kazi hii hudhani kwamba ugumu wake uko katika misako ya usiku, ilhali kesi nyingi huanguka kwa mambo ya mezani: nambari ya chupa haikuandikwa, hati ya upekuzi haikuwepo, au hakuna anayeweza kumweleza hakimu mtungi ulilala wapi tangu siku ulipokamatwa. Kwa sababu hiyo nitapita upesi kwenye yale ambayo kazi yenyewe humfundisha afisa, na nitakaa zaidi kwenye ushahidi.

Hatua ya 1: Fahamu mamlaka yako na mipaka yake

Sheria ya msingi ni Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi hadi leo huiita Sheria ya Mututho kwa kumtaja John Mututho, mbunge wa Naivasha wakati huo, aliyeupigania mswada wake bungeni. Sheria hiyo ndiyo iliyofuta sheria ya zamani ya kupiga marufuku chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Tangu hapo chang'aa si haramu kwa jina lake, bali kwa namna inavyopikwa, inavyofungwa na inavyouzwa. Mwenye leseni anayetimiza viwango anaweza kuiuza, lakini mama pima anayechota kwa kikombe kutoka kwenye mtungi hana leseni wala kiwango. Tofauti hii ina uzito mkubwa katika hati ya mashtaka, kwa kuwa afisa anayeandika kwamba mtu alipatikana na chang'aa, bila kutaja kwamba hakuwa na leseni au kwamba kinywaji hakikutimiza viwango, ameliacha kosa lenyewe nje ya karatasi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilikabidhi serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo, na ndiyo maana kaunti zina sheria zao, kama ile ya Nairobi ya mwaka 2014. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, imebaki na majukumu ya kitaifa, KRA (Mamlaka ya Mapato) hufuatilia ushuru, KEBS (Shirika la Viwango) hufuatilia ubora, nao polisi na machifu hulinda amani. Tembea na nakala za sheria zote mbili, ya taifa na ya kaunti yako, pamoja na barua yako ya uteuzi. Wakili wa mshtakiwa ataiulizia barua hiyo kabla ya kuuliza jambo lingine lolote, na asipoipata hatakuwa na haja ya kuuliza zaidi.

Hatua ya 2: Anza na faili iliyoko ofisini

Kabla ya kutoka, soma faili ya kila mahali unapokusudia kwenda. Angalia aina ya leseni, kwa sababu leseni ya kuuza pombe ya kunywewa hapo hapo si sawa na ya kuuza chupa za kubebwa, na leseni ya hoteli au ya duka kuu ina masharti yake. Angalia pia jina la mwenye leseni, anwani ya jengo na tarehe ya mwisho. Ni kawaida kukuta baa imeuzwa kwa mtu mwingine huku leseni ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza, na jambo hilo hujulikana mapema tu na afisa aliyesoma.

Ikiwa mahali penyewe pako karibu na shule, chukua kifaa cha kupimia. Sheria ya 2010 inataka mahali pa kuuzia pombe pawe angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya upili au taasisi nyingine yoyote ya masomo ya walio chini ya miaka 18. Andika umepima kutoka wapi hadi wapi, kwa kifaa gani na kwa kufuata njia gani, maana lango la shule na ukuta wake wa nyuma huweza kutofautiana kiasi cha kubadilisha jibu. Kuna pia mkasa wa chekechea iliyofunguliwa baada ya baa kukaa hapo miaka mingi. Katika hali hiyo kazi yako ni kuandika tarehe za pande zote mbili na kuiachia kamati ya leseni iamue, hata kama mwenye baa na mwalimu mkuu wote wawili wanakutaka useme neno papo hapo.

Hatua ya 3: Ingia kwa utaratibu

Nendeni wawili au zaidi. Jitambulishe kwa sauti ya kawaida kwa aliye kaunta, mwonyeshe kitambulisho cha kazi, kisha uombe kuonana na msimamizi: "Habari ya jioni, mama. Mimi ni afisa wa ukaguzi wa vileo wa kaunti, na huyu ni mwenzangu. Tumekuja kuangalia leseni na bidhaa zilizopo. Tafadhali tuitie meneja." Maneno haya huandikwa katika daftari pamoja na saa yaliposemwa. Sioni faida ya kuingia kwa kufoka. Wateja wakikimbia hovyo, mashahidi wako wamekimbia nao, na aliye nyuma ya kaunta amepata nafasi ya kumwaga alichotaka kukimwaga.

Mpaka unaovukwa sana kimakosa ni ule wa nyumba ya kuishi. Katika jengo la biashara lenye leseni, afisa aliyeidhinishwa huingia kwa mamlaka ya sheria, lakini chang'aa nyingi hupikwa jikoni au uani kwa watu, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya nyumba hizo. Pata idhini ya mwenye nyumba, na ikiwezekana iwe kwa maandishi, au umwombe hakimu hati ya upekuzi. Usipofanya hivyo, Kifungu cha 50(4) kinaipa mahakama uwezo wa kuukataa ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu iwapo kuupokea kungeharibu haki katika kesi. Pipa zima la pombe linaweza kutolewa nje ya kesi kwa sababu ya mlango mmoja uliosukumwa.

Kuhusu chai, yaani hongo, Sheria ya Kupambana na Hongo ya mwaka 2016 inamtaka mtu mwenye mamlaka aripoti ndani ya saa 24 anapojua au kushuku kwamba kuna hongo. Kukataa tu hakutoshi. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni inapokabidhiwa kwako, mwonyeshe mwenzako bila kuishika, andika saa na maneno yaliyosemwa, kisha uripoti.

Hatua ya 4: Kagua leseni, saa, watu na chupa

Leseni iwe imebandikwa mahali inapoonekana. Linganisha nambari yake na ile ya faili yako, usiridhike na muhuri. Kwa leseni ya kawaida ya baa, kanuni za kitaifa zinaruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za Jumatatu hadi Ijumaa, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku wikendi na sikukuu. Hata hivyo aina nyingine za leseni zina saa tofauti, kwa hiyo soma karatasi iliyo mbele yako na sheria ya kaunti yako kabla ya kusema lolote. Ukikuta mlango umefungwa na muziki ungali ndani, la kuthibitisha ni kuuza: risiti, ujumbe wa malipo kwa simu, au kinywaji kilichofunguliwa mbele ya macho yako. Watu kukaa kwenye viti baada ya saa ya kufunga hakutoshi.

Mteja anayeonekana kuwa chini ya miaka 18 aombwe kitambulisho kwa upole na kando ya wengine. Ikiwa kweli ni mtoto, basi anayekabiliwa na sheria ni muuzaji. Mtoto arudishwe kwa mzazi au mlezi kupitia ofisi ya watoto au polisi, na picha yake isipigwe kwa simu ya mtu yeyote.

Chupa ndizo zinazohitaji subira. Stempu ya ushuru ya KRA isomwe kwa programu ya Soma Label, na nambari iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ikianza na herufi SM na alama ya reli (#). Hakikisha jina la kinywaji linalorudi ndilo lililo kwenye lebo, kwa kuwa walaghai hunakili nambari halali ya bidhaa nyingine. Soma chupa kadhaa za kinywaji kimoja, si moja tu. Nambari ya stempu ikijirudia kwenye chupa mbili, angalau moja ni ya uongo. Tazama kama stempu imechanika na kugandishwa upya juu ya kifuniko, kama kiwango cha kinywaji hakilingani kutoka chupa hadi chupa, na kama maonyo ya kiafya yapo. Pombe ya vifuko vya plastiki ni marufuku. Usiondoke bila kuingia stoo, kwani vifuniko visivyo na chupa, faneli na chupa tupu zilizooshwa vizuri hueleza mengi kuliko rafu ya mbele.

Hatua ya 5: Chukua sampuli na kuilinda

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Mwezi wa Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni na Kiambu kwa kunywa pombe yenye methanoli, na wengine walipofuka. Methanoli haina harufu wala ladha ambayo mnywaji anaweza kuitenga na ile ya pombe ya kawaida. Hata kipimo cha kuelea kinachotumiwa kupima nguvu ya kinywaji hakiwezi kuzitenganisha, kwa sababu uzito wa methanoli kwa ujazo, gramu 0.79 kwa mililita, ni karibu sawa kabisa na wa ethanoli. Kwa hiyo afisa asimwambie mtu yeyote, na hasa asiwaambie waandishi wa habari, kwamba pombe fulani ni salama au ina sumu kabla ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuipima katika maabara.

Mimi hupendelea kugawa kila sampuli sehemu tatu: moja ya maabara, moja ya mwenye biashara na moja ya kubaki kama akiba. Tumia chupa safi za kioo na uzijaze karibu na mdomo, kwa kuwa pombe huvukiza katika nafasi iliyo wazi na matokeo yakapotoka. Kangara, mchanganyiko uliochachushwa ambao chang'aa hupikwa kutokana nao, ni tatizo la peke yake, maana huendelea kuchacha ndani ya chupa na kuipasua. Iwekwe kwenye barafu na ifikishwe maabara haraka. Kila chupa ipate lakiri yenye nambari, na lebo yenye tarehe, saa, mahali, jina la aliyeichukua na sahihi ya mwenye biashara. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa na mwenzako ashuhudie.

Kisha jaza fomu ya makabidhiano. Kila mkono unaopokea kielelezo lazima uandikwe, pamoja na saa, idadi, nambari za lakiri na mahali kilipowekwa, kuanzia kaunta ya baa hadi kwa karani wa mahakama. Kipimo cha kiasi kiwe cha lita, si cha mitungi, kwa sababu mtungi uliojaa na ulio nusu vyote huitwa mtungi. Mwezi wa Februari 2024 zaidi ya watu 10 walikufa baada ya kunywa pombe katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, na serikali ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichoibwa kutoka kituo cha polisi. Pombe iliyokamatwa ilirudi sokoni na kuua. Tangu hapo nashikilia kwamba afisa aliyekabidhi kielelezo aende kukikagua tena ghalani bila kutoa taarifa, alinganishe lakiri na fomu, na kuandika alichokikuta, hata kama anayetunza ghala ataona anashukiwa.

Kumwaga pombe barabarani mbele ya kamera ni kosa la upande wa pili. Mwezi wa Julai 2015, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuamuru msako wa pombe za bei nafuu katika eneo la Kati, makundi yaliyoongozwa na wanasiasa yalivamia maghala na kumwaga yaliyokuwemo. Kilichomwagwa hakipimiki tena, wala hakionyeshi kama kilikuwa halali au la. Uharibifu usubiri amri ya mahakama, ufanywe mbele ya afisa wa afya ya umma na wa mazingira, na lita zilizoharibiwa zilingane na zile za fomu.

Hatua ya 6: Andaa faili ya mahakama

Aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, kama Kifungu cha 49 cha Katiba kinavyotaka, isipokuwa muda huo unapoishia nje ya saa za kazi za mahakama. Tukio liandikwe katika kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na nambari yake iingie katika ripoti yako. Picha za simu zina nafasi yake, lakini ziambatane na cheti cha ushahidi wa kielektroniki chini ya Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichotiwa sahihi na aliyezipiga au aliyezichapisha.

Andika ripoti siku ile ile, na utenganishe ulichokiona na ulichoambiwa. Ikiwa unapendekeza leseni ifutwe au isihuishwe, mwenye leseni apewe notisi yenye sababu na nafasi ya kujibu, kwa mujibu wa Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015. Kamati inayofuta leseni bila kumsikiliza mwenyewe humpa njia rahisi ya kurudi kazini kwa agizo la Mahakama Kuu, na biashara huendelea kwa muda wote ambao kesi hiyo inasubiri kusikilizwa.