Picha ya Jino Wakati wa Ujauzito: Mwongozo kwa Akina Mama wa Mtwara na Lindi

Mjamzito anapoingia katika chumba cha daktari wa meno, jambo la kwanza analopaswa kulitaja, hata kabla ya kuonyesha jino linalomuuma, ni kwamba ana ujauzito au huenda anao. Naanza na hilo kwa sababu katika mikoa yetu ya kusini mimba changa haitangazwi. Hujua mama mwenyewe, mumewe na labda mama yake mzazi, na wengine husubiri mpaka tumbo lijionyeshe. Desturi hiyo ina heshima yake, na simwambii mtu aivunje nyumbani kwake, lakini mbele ya mhudumu anayejiandaa kukupiga picha ya mionzi haifai, kwa kuwa yeye hawezi kujua usipomwambia. Ikiwa benchi limejaa watu na unaona haya, omba kuzungumza naye pembeni, kisha useme: "Daktari, siku zangu zimepita, huenda nina ujauzito." Maneno hayo yanatosha.

Mdogo wangu hakuyasema, kwa sababu hakwenda kabisa. Alikuwa na mimba ya miezi minne na gego la chini lililotoboka, naye alikuwa ameambiwa na watu anaowaheshimu kwamba mashine ya picha humuunguza mtoto tumboni. Kwa wiki tatu alisindilia karafuu katika tundu la jino na kusukutua kwa maji ya chumvi. Siku nilipompakia kwenye bodaboda alikuwa amejifunga kanga kutoka kidevuni hadi utosini, shavu la kushoto limevimba na kung'aa, na hakuweza kutafuna hata kipande cha muhogo wa kuchemsha. Kituo tulichofika kwanza, waliposikia ni mjamzito, walimwambia arudi akishajifungua. Jibu hilo lilinisikitisha kuliko uvimbe wenyewe, maana ile hofu aliyotoka nayo nyumbani aliikuta tena kwa watu waliopaswa kumwondolea. Siku mbili baadaye, katika hospitali nyingine, daktari alimweka kifilamu cha sentimeta 3 kwa 4 hivi ndani ya shavu, akaelekeza kichwa cha mashine kwenye taya, akatoka nje ya mlango, ukasikika mlio mfupi, basi. Nilianza kuhesabu moyoni na sikufika hata mbili. Usaha ulitolewa, jino likang'olewa, na mtoto alizaliwa salama.

Ili mama aweze kuamua bila woga, ni vizuri ajue mionzi hiyo ni kiasi gani. Mionzi ya asili hutufikia kila siku kutoka ardhini, angani na hata katika chakula, na kwa wastani wa dunia mtu mmoja hupokea takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka, milisiveti ikiwa ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Picha moja ndogo ya jino huwa na takriban milisiveti 0.005, yaani hata wastani wa siku moja haufiki. Picha pana inayoonyesha taya zote mbili huwa kubwa kidogo, lakini kwa kawaida nayo hulingana na wastani wa siku chache tu. Zaidi ya hayo, mionzi hiyo huelekezwa kwenye taya, mbali na mji wa mimba, na kinachomfikia mtoto ni chembe iliyotawanyika. Kiasi hicho huwa chini ya miligrei 0.01, miligrei ikiwa ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili, ilhali Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2000 kwamba ulemavu wa mtoto unaotokana na mionzi haujitokezi chini ya miligrei 100 hivi. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni zaidi ya mara 10,000. Ndiyo maana chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kilitamka mwaka 2013 kwamba picha za meno na matibabu ya meno ni salama katika ujauzito, na kwamba tatizo la kinywa lishughulikiwe mapema badala ya kungojea mama ajifungue.

Usalama huo, hata hivyo, haumaanishi kwamba kila picha inafaa kupigwa. Picha ya kuangalia tu hali ya meno yasiyouma, au ya kupanga kunyoosha meno, inaweza kusubiri. Inayofaa ni ile ambayo jibu lake litabadilisha matibabu ya sasa: kama mzizi una usaha, kama jino la mwisho limelala ndani ya taya, kama taya limevunjika baada ya kuanguka. Basi muulize daktari kwa adabu picha hiyo itamwonyesha nini ambacho hawezi kukiona kwa macho, na iwapo ingewezekana kutibu bila hiyo. Daktari makini hatachukia swali hilo. Iwapo umeagizwa picha ya pande tatu, ile ambayo mashine huzunguka kichwa, uliza kwa mkazo zaidi, kwa kuwa mionzi yake ni mingi kuliko ya picha ya kawaida.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Zahanati nyingi hazina mashine ya picha ya meno, na safari ya kutoka Liwale hadi Lindi mjini au kutoka Nanyumbu hadi Mtwara mjini inamchosha hata mtu asiye na mimba. Kwa hiyo, iwe unakwenda hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, tafuta kwanza mtu wa kukuulizia kama daktari wa meno yupo siku hiyo na kama mashine inafanya kazi. Chukua kadi ya kliniki, kwani humo mna umri wa mimba, wingi wa damu, shinikizo la damu na dawa unazotumia, mambo ambayo daktari wa meno anayahitaji kuliko anavyosema. Kama ulishapigwa picha ya jino hilo hilo miezi michache iliyopita, ichukue pia. Pengine itaondoa haja ya kupigwa nyingine. Kula kabla ya kuondoka, isipokuwa kama umeelekezwa vinginevyo. Ikiwa jino halina dharura na unaweza kuchagua wakati, miezi ya katikati, kuanzia ya nne hadi ya sita, ndiyo yenye nafuu, kwa kuwa kichefuchefu kimepungua na tumbo halijawa zito. Jino lenye usaha halichagui mwezi.

Ndani ya chumba

Omba aproni yenye madini ya risasi ikiwa ipo, uivae tumboni, na utulie usitikisike, kwa sababu picha iliyoharibika itabidi irudiwe. Ikiwa hakuna aproni usikimbie. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 2024 kilishauri kuacha kuzitumia kwa picha za meno, hata kwa wajawazito, kwa kuwa kinachomkinga mgonjwa hasa ni mashine inayobana mionzi ielekee jinoni pekee na kupiga picha pale tu inapohitajika. Binafsi naona mama anayepata utulivu kwa kuivaa apewe, mradi isifunike mahali panapopigwa picha.

Kuna jambo moja ambalo akina mama wengi hawaambiwi. Ukimpeleka mtoto wako kupigwa picha nawe una mimba, usikae chumbani kumshika. Mwache baba yake, shangazi au bibi yake amshike, nawe ungoje nje. Picha ile ni ya mtoto, na hakuna sababu ya mionzi kukupitia wewe.

Katika miezi ya mwisho, kulala chali kwa muda mrefu hubana mshipa mkubwa wa damu na kuleta kizunguzungu, hivyo omba uegemee upande wa kushoto, na kanga iliyokunjwa ikiwekwa chini ya nyonga ya kulia inasaidia sana. Ganzi ya kawaida ya lidokeini inatumika kwa wajawazito, nami ningependa mama ajue hivyo, kwa sababu wapo wanaovumilia kung'olewa bila ganzi wakidhani wanamlinda mtoto. Kwa maumivu, parasetamo kwa kipimo ulichoelekezwa ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Diklofenaki na ibuprofeni usizinunue dukani kwa hiari yako, hasa kuanzia wiki ya 20, kwa kuwa zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Tetrasaiklini na doksisaiklini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, nazo huepukwa, kwani zinaweza kuyatia rangi meno ya mtoto.

Ikiwa ulipigwa picha kabla hujajua kuwa una mimba, usihesabu siku kwa hofu na usimsikilize anayekushauri kuitoa. Picha ya jino haiwezi kuwa sababu ya kutoa mimba, na tume ile ya kimataifa inasema hata kwa mionzi mingi mara elfu kadhaa kuliko hiyo, maadamu haijafika miligrei 100, hakuna sababu hiyo. Mweleze muuguzi wa kliniki, aandike katika kadi tarehe na aina ya picha, kisha uendelee na mahudhurio yako kama kawaida.

Lakini homa ikipanda, uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, kinywa kikigoma kufunguka, au kumeza mate na kupumua kukawa kwa shida, hiyo si habari ya karafuu tena wala ya kungoja gari la asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo, na kadi ya kliniki mkononi.