Somo: Kufuatilia maambukizi ya VVU kwa kusoma vinasaba vya virusi

VVU hukosea herufi za vinasaba vyake hapa na pale vinapojinakili, na makosa hayo hurithiwa. Watu ambao maambukizi yao yanahusiana kwa karibu hubeba virusi vyenye makosa yanayofanana. Tunachofanya ni kuyasoma.

1. Sampuli. Mara nyingi hakuna haja ya kumchoma mtu sindano upya. Kipimo cha usugu wa dawa alichokwisha fanyiwa husoma sehemu ya jeni la virusi liitwalo pol, herufi elfu moja na ushee kati ya takriban 9,700. Virusi vikiwa chini ya nakala 1,000 kwa mililita, kazi huwa ngumu. Futa majina, weka namba.

2. Kupanga mistari. Linganisha mfuatano wa kila sampuli, yaani herufi zake kwa mpangilio, na HXB2, mfuatano wa rejea; programu ya MAFFT inatosha. Halafu fungua faili uitazame kwa macho yako, hapa wengi huruka. Ukikuta mifuatano miwili iliyofanana herufi kwa herufi, usishangilie: uliza kwanza kama sampuli zake zilipimwa pamoja siku moja. Huenda zilichanganyika maabara. Ondoa pia sehemu zenye mabadiliko ya usugu wa dawa kama M184V, maana wanaotumia dawa zilezile hupata mabadiliko yaleyale bila undugu wowote wa virusi.

3. Kupima umbali. Programu ya HIV-TRACE huhesabu tofauti kati ya kila jozi ya mifuatano; jozi iliyo chini ya kizingiti huunganishwa kwa mstari, na mistari yote pamoja ndiyo mtandao. Kizingiti kinachozoeleka ni 1.5%. Tuseme una herufi 1,000: namba 07 na 12 zinatofautiana herufi 6, unaziunganisha. Namba 31 inatofautiana nazo kwa herufi 60 hivi, inabaki nje. Ukitafuta maambukizi ya karibuni tu, shuka hadi 0.5%.

4. Mti wa ukoo. Ongeza mifuatano ya watu wa nje ya eneo lako kutoka hifadhidata ya VVU ya Los Alamos, uchore kwa programu ya IQ-TREE. Bila hiyo ya nje, kila kundi litaonekana ni la mtaa wako.

MASWALI

Mkuu, kwa hiyo 07 ndiye aliyemwambukiza 12?
Hapana. Inawezekana 12 alimwambukiza 07, au wote wawili walipata kwa mtu wa tatu ambaye hajapimwa. Mstari kwenye mtandao hauna mshale.

Sasa mahakamani uchambuzi huu una faida gani?
Huwa na nguvu zaidi katika kukanusha. Kesi ya watoto wa Benghazi, Libya: uchambuzi wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa ukoo ule wa virusi ulishaanza kusambaa kabla ya Machi 1998, walipofika wahudumu wa afya wa kigeni walioshtakiwa kuwaambukiza watoto hao. Walihukumiwa kifo hata hivyo, wakaja kuachiwa 2007.

Shukrani kwa somo. Anayemeza ARV na virusi havionekani, atatokea kwenye mtandao?
Kwa damu ya sasa, hatatokea, labda awe na mfuatano uliosomwa kabla hajaanza dawa. Akiwemo kwa huo wa zamani, usimhesabu kama chanzo cha maambukizi mapya: virusi visipoonekana, hamwambukizi mwenzake kwa ngono.