Namna ya Kutangaza Siku ya Mapumziko kwa Ajili ya Tamasha la Mji
Kabla ya kupanga ngoma na maandamano, isomwe kwanza sheria ya sikukuu, kwa kuwa mara nyingi halmashauri ya mji hupendekeza tu, ilhali mwenye mamlaka ya kutangaza ni waziri au serikali ya jimbo. Nchini Uhispania, kwa mfano, sikukuu zenye malipo hazizidi 14 kwa mwaka, na 2 kati ya hizo ni za mji husika.

Azimio la halmashauri litaje tarehe, sababu na, zaidi ya yote, mipaka ya eneo. Hapa ndipo wengi hujikwaa: anayeishi mjini lakini akafanya kazi nje ya mpaka atataka kujua kama anastahili kupumzika, na mwajiri mwenye matawi pande zote mbili atauliza ni nani alipwe malipo ya ziada. Njia iliyo rahisi kusimamia ni kuzingatia mahali pa kazi, wala si makazi, na jambo hilo liandikwe waziwazi. Shule, hospitali na wafanyabiashara waulizwe miezi kadhaa kabla. Huenda nusu siku ikatosha, nayo, kwa maoni yangu, hupunguza manung'uniko.

Ombi likikubaliwa, tangazo kwa kawaida huchapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Bango la barabarani pekee halimpi mtu haki ya kutofika kazini.