Shamba Lenye Mizizi: Nunua Sururu Kabla ya Jembe Jipya

Wakulima wengi wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru wanang'oa mibuni mikongwe ili wapande miche chotara inayostahimili chulebuni (ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Shimo la mche mpya linatakiwa liwe na upana na kina cha sentimita 60, na kabla hujafika huko chini umeshakutana na mizizi ya mbuni wa zamani, ya mgrivilea wa mpakani, pengine na kisiki cha mparachichi aliopanda babu. Hapo jembe la kawaida linadunda. Bati lake ni jembamba kwa sababu kazi yake ni kupindua udongo. Ukililazimisha kukata mzizi mnene, ama litapinda, ama mpini utavunjikia kwenye tundu.

Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, nunua sururu. Lakini angalia ni ipi, maana ziko za aina mbili. Moja ina ncha upande mmoja na ubapa upande wa pili. Hiyo inafaa kwenye ardhi ngumu na mawe, ila ncha yake ikiingia kwenye mzizi inanasa, na utatumia nguvu nyingi kuichomoa kuliko ulizotumia kuipiga. Nyingine ina ubapa upande mmoja na shoka upande wa pili. Hii ndiyo ya mizizi: ubapa unafukua udongo na kukata mizizi midogo, kisha unageuza mkono na shoka linamaliza ule mnene. Ukikosa ya pili dukani, chukua ya kwanza na uunoe vizuri ubapa wake. Itakufaa.

Usivutiwe na uzito. Kichwa cha kilo 2 hadi 2.5 kinamtosha mtu anayechimba tangu asubuhi. Kigonge kwa nyundo na usikilize: chuma kizima kinalia kwa mlio mkali, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa. Kichwa kilichochongwa na mhunzi kutoka springi ya gari huwa kizuri sana, ila jaribu makali yake kwa tupa. Tupa ikila kirahisi, chuma ni laini na makali yatajikunja. Ikiteleza bila kushika kabisa, ni kigumu mno na kitamegeka kwenye jiwe.

Mpini wa sururu uwe mnene zaidi kichwani, ili kichwa kiingizwe kutokea upande wa kushikia na kijikaze chenyewe kila unapopiga. Ukiona mpini umenyooka sawasawa na kichwa kinashikiliwa kwa misumari, usinunue. Siku kikichomoka kitamkuta mtu mbele yako. Mti wa mpera hutoa mpini mgumu, usiopasuka ovyo. Hakikisha nyuzi za mti zinakwenda moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho, bila fundo katikati.

Sasa kazi yenyewe. Usikate shina la mbuni usawa wa ardhi. Liache kama mita moja, uwe na pa kusukumia. Fukua kulizunguka, nusu mita hivi kutoka shinani, mpaka mizizi ya pembeni ionekane. Futa udongo juu ya kila mzizi kabla ya kupiga, kwa sababu mchanga ndio unaomaliza makali. Kata mara mbili, karibu na shina na tena mwisho wa shimo, utoe kipande chote upate nafasi. Halafu sukuma shina huku na huku: upande unaogoma ndiko uliko mzizi uliobaki. Mzizi mkuu ndio wa mwisho, na hapo mtaimbo unasaidia kuinua kisiki wakati mwenzako anakata chini yake. Chepe ni la kutoa udongo tu.

Sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa chini ya ardhi, ni habari nyingine kabisa. Vipande vyake vya chini ya ardhi ukivikata kwa jembe au sururu unavizidisha, kila kipande chenye kifundo kinachipua. Tumia jembe-uma, liingize chini kabisa, inua taratibu, kisha okota nyuzi zote na uzianike juani zikauke. Mkulima mwenye sangari na visiki shambani anahitaji vifaa vyote viwili, hakuna ujanja.

Noa kwa tupa kila asubuhi kabla ya kuanza. Ukipeleka kwenye jiwe la umeme, mwambie fundi achovye majini mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya bluu ugumu wake umekwisha.

Na mizizi uliyoing'oa usiiache shimoni. Chunguza chini ya gome: ukikuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga, huo ni kuvu wa Armillaria, anayeishi kwenye mizizi iliyokufa na kuhamia kwenye mibuni au michai mipya. Okota kila kipande kuanzia unene wa penseli, toa nje ya shamba na uchome moto kikikauka. Mahali hapo panda mahindi kwanza, usiwahishe mche wa kahawa.